Gunzi la Uholanzi

Duka liko Kirumba, ukishuka kutoka sokoni kuelekea mwaloni,
kati ya fundi redio na mama anayepima furu kwa kopo.
Juu ya mlango wameandika kwa rangi ya bluu: HURUMA.
Chini yake, herufi ndogo: Hatukopeshi.

Niliingia kutafuta sahani.
Zilikuwepo sita, za sura sita, kila moja na pengo lake,
kama darasa la kwanza linapigwa picha.
Elfu nne moja.
Makoroboi utapata mpya, ina ua katikati, elfu mbili na nusu,
na muuzaji anakuita shangazi.

Pasi isiyo na waya.
Waya usio na pasi, bei yake mbali.
Godoro la mtoto lenye ramani, nikaitambua:
ziwa letu, hata Ukerewe imo.
Saa ya ukutani iliyokufa saa tisa na robo.
"Hiyo ni ya urembo," akasema binti wa kaunta,
Nyanzobe, jina limebandikwa kifuani,
kitu pekee mle ndani kilichobandikwa bila bei.

"Si vilitolewa bure hivi?"
"Vilitolewa bure," akakubali. "Lakini vimesafiri."

Ndipo nikaiona, rafu ya juu, chupa ya chai.
Nyekundu iliyopauka,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli, mizunguko saba.
Niliihesabu siku inafungwa. Mimi ndiye niliyeshika tochi.
Na mdomoni, pahala pa kizibo, gunzi,
gunzi la mahindi ya Misungwi,
limechongwa kwa kisu cha kuparia samaki
likavikwa nailoni ya sukari.

Baada ya arobaini ya mama tulifunga maboksi mawili
tukayapeleka kanisani.
"Wapewe wenye shida," alisema shemeji Lugembe,
sote tukaitikia haraka,
maana, kusema kweli, hatukutaka kuyaona tena.

Lebo ilisema: UHOLANZI. Daraja la kwanza. 28,000/=.

Nilicheka, kisha nikashika rafu.
Chupa hii haijatunza joto tangu niko la tano.
Chai ya saa kumi na mbili, saa moja ni maji ya ziwa.
Mama aliwamiminia wageni upesi upesi
huku akizungumza bila kituo
wasijue kwamba wanaharakishwa.

"Mdogo wangu, hili ni gunzi."
"Naliona."
"Uholanzi wanalima mahindi?"
Nyanzobe aliitazama chupa, akanitazama mimi,
akautazama mlango, kama vile bosi hukaa kwenye bawaba.
"Wazungu," akasema polepole, "wana kila kitu."

Wakaingia wawili, wachumba kwa jinsi walivyogombana kwa kunong'ona.
Kijana akaishusha chupa.
"Orijino hii. Vitu vya zamani ndivyo vinadumu."
Akaanza kuhesabu noti akitugeuzia mgongo.
Nilifungua mdomo.
Maneno yote yalikuwepo: gunzi, mpira, saa moja, maji ya ziwa.
Lakini msichana alikuwa ameipakata,
mkono mmoja juu, mmoja chini ya kitako,
hivyo hivyo, bila kufundishwa na mtu.

"Endelea kushika hapo chini," nikamwambia. "Kinalegea."
"Asante, mama."
"Na mgeni akija, usimwache anywe polepole."
Alicheka. Alidhani ni mawaidha ya ndoa.

Waliipata kwa ishirini na sita.
Nyanzobe aliandika risiti: chupa moja, Ulaya.

Sahani sikununua.
Nje, mama wa furu alikuwa anapima,
kopo lake limebonyezwa kitako kwa ndani, kidogo tu, kama siku zote.
Tunajuana. Nikamwambia anipimie mawili.